Paswadi Moja ya Seva Humwonea Mdogo

PIN yako ya M-Pesa hata mpenzi wako haijui. Lakini paswadi ya root ya seva ya biashara umeibandika kwenye grupu ya WhatsApp yenye watu saba, na wawili kati yao waliacha kazi kitambo. Hebu nielezeni hiyo hesabu.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kuwatisha nayo. Lakini tovuti za watu nimeshika za kutosha kujua mambo yakiharibika lawama huenda wapi: kwa kijana wa mwisho kuajiriwa. Faili zikipotea, rekodi za seva zitasema root aliingia. Anwani ya IP je? Kama wote mko kwenye WiFi moja ya ofisi, haiwaambii kitu. Basi macho yote kwa intani, na hana cha kujitetea nacho.

Ndiyo maana nasema kila mtu awe na akaunti yake kwenye seva. Hiyo ni haki ya mfanyakazi. Kwenye Ubuntu, ukitumia sudo, jina lako na amri uliyoandika hubaki kwenye auth.log. Asiye na hatia ana pa kuonyesha.

Kisha ruhusa zifuate kazi. Anayebadilisha picha za bidhaa hahitaji sudo. Hata programu ya seva ina akaunti yake: kwenye Debian na Ubuntu, Apache na Nginx hutumia www-data. Iache isome faili za tovuti, na iandike pale tu picha zinapopakiwa. Na nyinyi wa chmod 777 kila kitu kikikataa, jameni! Mmeruhusu kila akaunti kwenye seva hiyo isome, iandike na iendeshe faili zenu.

Najua mtasema, "Sisi ni watatu tu, tunaaminiana." Sawa, lakini kuaminiana hakuzuii simu kuibiwa kwenye matatu. Simu moja yenye hiyo grupu ikienda, paswadi ya wote imeenda. Kila mtu akiwa na ufunguo wake wa SSH, unafuta mmoja na wengine wanaendelea na kazi. Na mtu akiacha kazi, usifunge paswadi yake tu. Toa na huo ufunguo, la sivyo bado anaingia.

Bosi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, data ya watu ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwao. Utamwambia nani aliingia? Root?

Na wewe intani, ukipewa root siku ya kwanza, usidhani umeheshimiwa. Omba akaunti yenye jina lako.