Basi ya korali: gitari imekufa, ao ni kamba moja tu?



Tangu wiki mbili neno moja linazunguka katika internati, pahali pa kula na hata mbele ya biro ya Prefe: gitari basi ya korali imekufa. Siku ya ibada ya Jumatano wote mulisikia. Sauti nne za korali zilishikana vizuri, lakini kila mara basi iliposhuka kwenye kamba ya mi, ilitoka sauti dhaifu, na nyuma yake mlio wa zzzz sawa nzi ndani ya chupa. Wengine walicheka. Kisha ibada komite ya korali ilikaa na kukata maneno mawili: mpigaji aondoke, na kila mwanafunzi atoe feza ya kununua basi mpya. Ile feza ni bei ya daftari tatu.

Sisi tunaoandika hapa ni wanne wa darasa la tano. Wawili wetu ni wa korali, wawili hapana. Yale maneno mawili hatuyakubali.

Wa kwanza aliyesema gitari imekufa, tulimuuliza: «Uliijaribu?» Akajibu: «Mimi? Nilisikia tu, lakini ile ilisha kufa, bwana!» Ndivyo habari inavyotembea hapa kwetu. Basi tuliomba ruhusa kwa mwalimu wa fizika, akatupa turnevisi na siku ya Posho mzima.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuomba kuranti. Tuliondoa jaki, tukaweka sikio kwenye mbao ya gitari, na mmoja wetu akapiga ile kamba ya mi. Zzzz ilikuwa palepale. Kwa hiyo mlio ule hautoke katika ampli wala katika fili. Kuna mlio mwingine, wa mmm, unaotoka katika kuranti, na mara nyingi unapungua ukigusa kamba kwa mkono. Ule ni ugonjwa wa fili ao wa kutoshika udongo vizuri. Wetu ni wa chuma kugonga chuma: kamba inagusa vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni. Kazi ya dakika moja. Komite ingaliweza kuifanya mbele ya kukata neno.

Tena tukajiuliza: kwa nini iko dhaifu? Hapa watu wengi walisema ni bafle, kwa sababu bafle yetu ni ya mahubiri, si ya muziki. Kuna ukweli ndani yake. Kamba ya mi ikiwa wazi inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde moja, ya la mara 55, ya re 73, ya sol 98. Bafle ndogo inachoka kule chini. Lakini mwalimu alitufundisha njia ya kujua. Ukishika kamba ya mi kwenye chuma cha tano, inatoa la, ile ile la ya kamba ya pili ikiwa wazi, mara 55 sawasawa. Piga moja, piga ingine. Kama bafle njo mukosaji, zote mbili zitakuwa dhaifu. Tulipiga: la ya kamba ya pili ilijaza chumba, la ya kamba ya mi ilikuwa sawa mutu anayesemea ndani ya blanketi. Ni noti moja, bafle moja, mkono mmoja. Bafle tukaiachilia huru.

Tukaangalia mikro, si ile ya kuimbia, ni ile iliyo chini ya kamba: sumaku na fili nyembamba ya shaba iliyozungushwa mara maelfu. Inasikia chuma kinachotikisika juu yake, haisikii kitu kingine. Upande wa mi ilikuwa imezama. Sponji iliyokuwa chini yake ilioza na kuwa unga. Tulikata kipande cha sponji ya godoro (hatutasema godoro la nani), tukakiweka chini, tukakaza visi mpaka ikabaki nafasi ya milimetri tatu hivi kati ya mikro na kamba. Kuipandisha zaidi si vizuri, maana sumaku inaanza kuvuta kamba, na sauti inakuwa ya uongo. Nusu ya nguvu ilirudi hapohapo.

Nusu ingine ilibaki katika kamba yenyewe, na hapa tunaomba muvumilie kidogo, kwa sababu njo shina la mambo. Kamba nzito ya basi haiko chuma kimoja. Ndani iko uti, na juu yake fili ingine imezungushwa kwa nguvu toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiikata kwa pensi mbele ya kuikunja, ile fili ya juu inaweza kulegea na kuzunguka juu ya uti. Kwa macho kamba inaonekana mpya, lakini imekufa siku ya kuwekwa. Inafaa kwanza kuikunja kona kali, kisha kukata ngambo ya ile kona, na kuacha urefu wa kutosha ili izunguke ufunguo mara mbili ao tatu. Yetu ilikatwa fupi, imezunguka ufunguo mara moja tu, na fili yake inageuka ukiisukuma kwa ukucha. Aliyeiweka tunamjua, ni mmoja wetu sisi wanne. Alifikiri anasaidia.

Tuliichemsha pia, maana wapigaji wengi wanafanya hivi ili kutoa jasho na mafuta, na mama wa jikoni alitukopesha sufuria akicheka sana. Kamba chafu inapata sauti tena kwa njia hii, ukiikausha vizuri. Lakini maji ya moto hayakazi fili iliyolegea.

Mwingine akashauri kamba ya freni ya kinga. Tusimcheke, vijijini gitari nyingi za mbao zilipigwa kwa kamba za freni, na kwa sababu ni chuma mikro itaisikia, kuliko nailoni ya kuvulia samaki ambayo haiisikii hata kidogo. Lakini kamba ya freni iko na unene wa milimetri moja na nusu hivi, na mi ya basi iko karibu mbili na nusu. Ili ishuke mpaka mi, utailegeza sana, na kamba iliyolegea inagonga vyuma zaidi.

Bado zzzz. Tulishika kamba kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho pamoja, tukaangalia katikati ya shingo. Inafaa kuwe nafasi ndogo, unene wa karata. Hakukuwa nafasi. Wakati wa likizo mtu alilegeza kamba zote «ili gitari ipumzike», lakini ndani ya shingo kuna ufito wa chuma unaovuta upande mwingine, nao haukupumzika. Shingo ikapindika nyuma. Tulilegeza ufito robo moja ya mzunguko, tukaacha usiku kucha. Siku ya Mungu, kisha ibada, mlio ulibaki kidogo tu kwenye chuma cha pili.

Na ule uliobaki? Tusidanganye: sehemu ni ya mpigaji. Anapiga kwa nguvu sana. Alijifunzia nyumbani kwao juu ya gitari ya kamba za freni, ambako usipopiga kwa nguvu hausikilizwe. Na pale kamba ya mi ilipokosa sauti, yeye aliongeza nguvu ili korali imusikie, na kadiri alivyoongeza, kamba iligonga zaidi. Tulimwita, tukamwambia apige polepole, karibu na mikro. Alipiga. Hatukusikia zzzz.

Sasa yeye anakaa kwenye benchi ya nyuma na haimbi. Wimbo ukianza anaangalia chini. Ni mtoto wa darasa la pili, na alipoambiwa «haujue kupiga» hakuna hata mmoja wetu aliyemjibia, hata yule aliyekata kamba fupi.

Wazee wengine wanasema: afazali tuimbe bila basi, ile ni kitu ya baa. Tunawaheshimu. Basi ya umeme tunayoijua ilitoka kwa Leo Fender kule Marekani mwaka 1951, ni kweli haiko katika Zaburi. Lakini Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na gitari moja bila ampli, na kidole chake cha gumba kilitafuta sauti za chini. Sauti nne za korali nazo zinatafuta pa kusimama.

Tunaomba feza ya daftari tatu isikusanywe. Kinachokosekana ni kamba moja ya mi, na yule aliyeikata amekubali kuilipa pole pole. Tunaomba vilevile mpigaji arudishwe pahali pake mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu njo alipoondolewa.

Komite itakaa tena Ijumaa saa kumi. Tupewe dakika kumi na ampli.

Wanafunzi wanne wa darasa la tano