Wakanda haina wavujajasho

Mwezi Februari 2018 sinema ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu, mji wa asili ya jamaa ya Lupita Nyong'o, mmoja wa wachezaji wake wakuu. Kutoka mpakani Sirari hadi Kisumu ni mwendo wa saa chache kwa gari, kupitia Migori na Kisii. Uzinduzi huo ulifanyika mlangoni pa nyumba yetu, na wapo vijana wa Tarime na Mugumu ambao hata leo huitaja nchi ya Wakanda kana kwamba ni jirani aliyetutangulia kwa maendeleo. Wako pia wasomi wenzetu wanaodai kwamba hakuna sinema iliyowahi kutoka Marekani ikamsimulia Mwafrika vizuri kuliko hii, na kwamba anayeikosoa ama ana kijicho, ama kasumba ya kikoloni haijamtoka kichwani. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, na pa kuijibia ni papa hapa Mara, kwenye dhahabu ardhini na watu juu yake.

Tuanze kwa kutenda haki. Ryan Coogler aliyeiongoza sinema hii si mtu wa kubahatisha. Mwanzo wake, baba akimweleza mwanawe jinsi kimondo kilivyoanguka na madini yake yakaijenga nchi, ni mwanzo wa masimulizi ya jioni kama tuyajuavyo. Mavazi yake na madhari yake yalipewa tuzo za Oscar mwaka 2019, na yalistahili. Wanawake wake hawalii wakisubiri kuokolewa: Okoye anaongoza jeshi la ulinzi, Shuri ni mwanasayansi, Nakia anaona mbali kuliko mfalme wake. Katika wilaya ambazo wasichana bado hukimbilia nyumba salama msimu wa ukeketaji ufikapo, jambo hilo si dogo, na mwandishi huyu hatalidharau. Kwamba watu wa Wakanda wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini ilhali nchi yao imewekwa upande huu wa Afrika Mashariki, hilo tuwasamehe.

Lakini sisi hatuulizi kama sinema inapendeza macho. Tunauliza kama imesimulia vizuri habari iliyojitwika yenyewe, na habari hiyo ni nzito. Nchi moja ya Kiafrika ina madini yasiyo na mfano, yaitwayo vibranium. Kwa karne nyingi imejificha, ikijifanya nchi maskini ya wachungaji, huku ndugu zake wakikamatwa na kuuzwa utumwani. Kisha anatokea kijana Killmonger, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyetelekezwa Oakland, Marekani, baada ya baba yake kuuawa na kaka yake mwenyewe, mfalme. Anarudi na swali moja: utajiri huu ni wa nani, na mnadaiwa nini na wale mliowaacha?

Swali hilo hakuna haja ya kumfafanulia mtu wa Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji wa biashara mwaka 2002, na tangu hapo umepita mikononi mwa kampuni kadhaa za kigeni. Vijiji vya Nyangoto, Kewanja na Kerende vimeishi pembeni ya mashimo yake. Watu wamegombania fidia ya mashamba, wamelalamikia maji, wamepanda juu ya vifusi kutafuta mawe yaliyosalia, na wapo waliopoteza maisha. Mwezi Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi katika siku moja. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya mamlaka ya wananchi juu ya maliasili zao, na baadaye Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Twiga iliyoundwa pamoja na Barrick. Mtu anaweza kubishana kama asilimia hiyo inatosha. Mimi naona haitoshi. Lakini ubishi wenyewe ndio siasa: una hesabu, una mikutano, una majina ya vijiji, una watu wanaojibiwa na wasiojibiwa.

Sasa itazame Wakanda. Vibranium inachimbwa na nani? Tunauona mgodi, tena kwa kirefu, kwa maana ndimo mabwana wawili wanamopigania mwisho wa sinema. Hatumsikii mchimbaji hata mmoja akisema neno. Mfanyakazi hana jina wala madai, na hatujui anapata nini jioni anapotoka shimoni. Sokoni watu wanapita wakiwa wamevaa rangi nzuri, kisha wanatoweka. Nchi nzima ni jumba la mfalme, maabara ya dada yake, na maporomoko ya maji ambapo kiti cha enzi kinapiganiwa.

Na hapo ndipo habari inapovunjika. Tunaambiwa hii ni nchi iliyoendelea kuliko zote duniani. Kisha tunaonyeshwa kwamba ikitaka kiongozi inawaweka wanaume wawili majini wapigane. Baraza la wazee lipo, limeketi vizuri, wala haliamui kitu. Killmonger anaposhinda, askari wanampa utii wao siku hiyo hiyo, maana sheria ni ngumi. Wakurya wa Tarime, ambao baadhi ya watu hupenda kuwaita watu wa vita tu, hawakuwa na mfalme. Mambo yao yalipitia kwa wazee wa inchama na kwenye mkutano wa watu uitwao iritongo, na rika moja lilipozeeka lililiachia jingine nafasi. Sisemi utaratibu huo haukuwa na dhuluma zake. Wanawake wanaweza kuzihesabu. Nasema aliyeibuni Wakanda aliwaza Afrika yenye ndege za ajabu, akashindwa kuwaza Afrika yenye mkutano.

Ndiyo maana hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaisha kwa mzaha. W'Kabi anaongoza kabila lake kuwaua wenzake. Kifaru wake anafika mbele ya Okoye, anasimama na kumlamba uso. W'Kabi anapiga goti, vita kwisha. Ugomvi wa Wanchari na Walenchoka umezichosha serikali na wazee kwa miaka mingi. Mtu aliyechomewa nyumba Tarime akiangalia kifaru huyo atacheka, wala hatacheka kwa furaha.

Watu wa wilaya ya Serengeti nao wanaijua sinema inayosimulia nchi na kuwaweka wenyeji pembeni. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek, akiruka na mwanawe Michael katika ndege iliyopakwa milia ya punda milia, alitengeneza sinema ya kuitetea Serengeti. Ilipata tuzo ya Oscar, na Michael alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege hiyo. Hakuna anayekana ujasiri wao. Lakini Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu, na katika masimulizi yake shujaa yuko angani, na mtu wa chini ndiye tishio. Shujaa wa Coogler ni Mwafrika, naye amevaa vazi linalozuia risasi. Hata hivyo habari bado inatazamwa kutoka juu.

Turudi kwa Killmonger, kwa kuwa yeye ndiye mtihani. Ndiye pekee mwenye hoja inayouma, na sinema inalijua hilo. Anaposimama katika jumba la makumbusho London na kumwuliza mtaalamu Mwingereza vitu vile walivipataje, ukumbi mzima uko upande wake. Kwa kuwa mwenye hoja kama hiyo hashindwi kwa hoja, waandishi wanamharibu: anamuua mchumba wake, anamkaba koo mwanamke mzee, anaichoma bustani takatifu. Sasa tunaweza kushangilia akichomwa kisu. Kwenye mabanda ya video yetu kanuni hii ina jina: staringi hafi, na adui lazima awe mbaya wa kutosha ili tusimlilie. Haidhuru katika sinema ya makarate. Hapa imetumika kulizika swali.

Na nani anaitungua shehena ya silaha iliyokuwa ikipelekwa kwa watu weusi waliokandamizwa? Ross, jasusi wa CIA, ameketi maabarani Wakanda kama mgeni wa heshima. Kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza yenyewe mwaka 1975 jinsi shirika hilo lilivyopanga kumwua Patrice Lumumba kwa sumu. Mwandishi anayemfanya jasusi huyo kuwa rafiki mwaminifu wa uhuru wa Afrika amekosea sana, na kosa hilo halipo katika siasa tu. Ni kosa la usanii, kwa sababu hakuna anayeuliza jambo ambalo Mwafrika yeyote mwenye akili angeliuliza kwanza.

Atakayesema kwamba shujaa mwenye nguvu za ajabu hawezi kusimuliwa kwa uzito, na amsome Ebrahim Hussein. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969 yako maji ya dawa, kama Wakanda ilivyo na mmea wake. Lakini Hussein anauliza yale maji yanawafanyia nini watu: yanawaunganisha, kisha yanawapeleka vitani kabla hawajawa tayari, na Kinjeketile anaona neno lake limekuwa bwana juu yake. Huko nguvu za ajabu ndizo tatizo lenyewe. Kwa Coogler zinamaliza tatizo.

Wanaomtetea watasema mfalme anabadilika: anawaambia wazee wake wa kuzimu kwamba walikosea kujificha, na anaifungua nchi. Ni kweli, na maneno hayo ni mazuri kuliko yote katika sinema. Tendo linalofuata ni kununua majengo kadhaa Oakland ili yawe kituo cha misaada. Kisha anasafiri Vienna kuuhutubia Umoja wa Mataifa, na mjumbe mmoja anamwuliza taifa la wakulima lina nini cha kuupa ulimwengu. Mfalme anatabasamu, na pazia linashuka. Pale Nyangoto mkutano ndio ungekuwa unaanza, na swali la kwanza lingetoka kwa mtu aliyekaa nyuma, anayetaka kujua kijiji chake kitapata kiasi gani na lini.