Tuwalipe kwa Kazi, Sawa. Lakini Nani Anahesabu?

Juzi nilimsindikiza shosho mmoja kwenye zahanati ya kijijini, si mbali na Sagana. Nesi alikuwa mmoja, foleni imefika nje. Shosho akapimwa presha, akaandikwa kwenye rejista, kisha akaambiwa dawa hakuna, akanunue mjini. Pesa hakuwa nayo. Tukarudi mikono mitupu.

Sasa nikuulize: kwenye ripoti ya mwezi shosho yule atahesabiwa vipi? Mgonjwa aliyehudumiwa. Basi. Ripoti inahesabu vichwa, haiulizi kama kichwa kimepona.

Ndiyo maana nasita nikisikia watu wakisema, "Hawa madaktari walipwe kulingana na kazi!" Hasira hiyo naielewa, na wazo lenyewe si baya. Kenya tulilijaribu Samburu. Rwanda walilieneza nchi nzima kuanzia 2006, na utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha akina mama waliojifungulia vituoni wameongezeka kwa asilimia 23. Hongera kwao. Lakini angalia hapa: kila mama aliyejifungua aliletea kituo dola 4.59, na mama aliyekamilisha kliniki nne za ujauzito alileta senti 37 tu. Kwenye kliniki nne, hakuna kilichobadilika.

Umeona? Kinacholipiwa vizuri ndicho kinachofanywa. Ukilipia vichwa, utaletewa vichwa.

Kwa hivyo tukitaka mpango kama huo huku kwetu, tudai mambo matatu. Kwanza, mshahara wa kawaida ulipwe kwa wakati. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, wakidai mkataba uliosainiwa 2017. Huwezi kumwahidi mtu marupurupu na deni lake hujalipa. Pili, nesi asikatwe pesa kwa sababu ya dawa ambazo kaunti haikuleta. Zahanati nyingi za mashambani hazina hata daktari. Ni nesi na afisa wa kliniki wanabeba kila kitu. Kama dawa zimekosekana, alama hiyo waandikiwe wanaonunua dawa. Tatu, mgonjwa aulizwe, tena nyumbani kwake: ulipata dawa? Ulielezwa ugonjwa wako? Uliitishwa kitu kidogo?

Na wewe usingoje kuulizwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua, ukurasa mmoja unatosha. Uliza zahanati yenu ilipokea dawa gani mwezi uliopita, na ni siku ngapi ilikaa bila dawa ya presha. Majibu yakija, yabandike ukutani pale foleni inapoanzia, kila mtu ayasome.

Shosho anarudi kliniki mwezi ujao. Safari hii tutakuwa na barua mkononi.