Gari la kisasa limefika kijijini, ufundi wake bado uko njiani

Tuanze na jambo linalotugusa sisi wenyewe wa redio. Mtu ananunua gari lililotumika Japani, analifikisha nyumbani, anawasha redio, na stesheni yake ya kila siku haipatikani. Fundi anabadilisha antena, hali ni ileile. Anabadilisha waya, hali ni ileile. Sababu ni kwamba masafa ya FM ya Japani kwa miaka mingi yaliishia megahezi 90, baadaye yakaongezwa hadi 95, wakati huku kwetu stesheni zinapangwa kuanzia 88 hadi 108. Redio ile ni nzima kabisa, ila haifiki tulipo. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikishusha kwa 18, stesheni ya 103 utaikuta kwenye 85.

Gari limeletwa na tabia za kule lilikotoka, kitabu chake kimeandikwa Kijapani, na fundi anayelipokea analitibu kwa uzoefu wa magari ya zamani. Kwenye redio hasara ni antena moja. Kwenye injini na gia boksi, hasara inaweza kuwa mavuno ya msimu mzima.

Angalia magari haya yanavyofika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila likizidi miaka 8 linalipiwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Mnunuzi wa Tanzania anapiga hesabu ya bei na ushuru, na mara nyingi anaishia kwenye gari la miaka 10 au zaidi. Hilo si jipya. Kilichobadilika ni maana ya "gari la miaka 10". Mwaka 2010 lilikuwa gari la mwaka 2000, lenye kompyuta ndogo na gia boksi ambayo kila fundi aliijua. Leo gari la miaka 10 ni la katikati ya miaka ya 2010. Toyota IST ya kwanza, iliyotoka 2002, ilikuwa na gia boksi ya otomatiki yenye gia 4. IST ya pili, ya 2007, nyingi zake zina gia boksi ya CVT. Toyota Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ni haibridi: ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Magari haya sasa yanabeba viazi, wanafunzi na wagonjwa kwenye barabara za vumbi, mbali na gereji yenye kompyuta.

Tuje kwenye ile taa ya njano yenye mchoro wa injini. Wengi wanaiona kama mwiba. Wengine huchomoa betri usiku ili asubuhi isionekane, na kwa siku mbili tatu kweli haionekani. (Kwenye magari yenye skrini ya ramani ya Japani, kuchomoa betri kuna adhabu yake: skrini inajifunga na kudai msimbo au kadi ya ramani iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza.)

Taa hiyo inapowaka, kompyuta ya gari imeandika mahali ilipoona tatizo. Maandishi hayo ni msimbo wa herufi moja na tarakimu nne, na unasomwa kupitia tundu la pini 16 lililo chini ya stelingi. Zamani ulihitaji mashine ya fundi wa mjini. Siku hizi kuna kifaa kidogo kama kiberiti, kinachoitwa ELM327, kinachochomekwa hapo na kuongea na simu yako ya Android kwa bluetooth. Programu za kukisomea zipo, nyingine za bure. Mafundi watatu wakichanga, au wenye magari watano wa kijiji kimoja, kifaa kinapatikana bila kuuza hata mbuzi. Baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu hilo lakini hayajibu kifaa hiki. Ya miaka ya 2010 kwa kawaida yanajibu.

Hapa inafaa nikiri yangu. Gari langu liliwahi kuwa na misi, likitetemeka kwenye mlima kama mtu mwenye homa. Fundi mmoja, ambaye simtaji, alibadilisha plagi zote, halafu nozeli, halafu pampu ya mafuta. Nikalipa mara tatu. Fundi wa pili alichomeka kifaa, simu ikaandika P0301. Familia hii ya msimbo, P0300 na kuendelea, ni ya misi, na tarakimu ya mwisho inataja silinda. Kwa hiyo silinda namba 1. Akatoa koili ya silinda 1 akaihamishia silinda 2, na ya 2 akaileta 1, akafuta msimbo, tukazunguka kidogo. Taa ikarudi, safari hii P0302. Misi ilikuwa imeifuata koili. Angeona P0301 ileile angejua koili ni nzima, akaangalie plagi au nozeli. Jaribio hilo halikuhitaji kununua chochote, na lingefanyika kabla sijanunua pampu.

Usichukulie kila msimbo kama amri ya kununua spea. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kwenye barabara za vumbi, aghalabu ni mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka, na sensa hiyo inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, haifutwi kwa kitambaa. P0420 inasema masega ya kwenye ekzosi hayafanyi kazi. Kabla ya kukasirika, uliza kama bado yapo. Masega yana madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wanaoyatoa kwa ahadi kwamba gari litapata nguvu, kisha wakayauza. Unabaki na ekzosi inayonguruma, moshi unaonuka, na taa isiyozimika.

Taa inayowaka tu inakupa muda wa kufika kwa fundi. Inayowaka na kuzima mfululizo ina haraka, kwa sababu misi ni kubwa na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuunguzia masega. Punguza mwendo, usipande mlima na mzigo.

Kitu kinachoua injini nyingi kuliko zote, kwa maoni yangu, hakihusiani na kompyuta. Ni kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja kinachoitwa thamosteti, na desturi ya kukitoa. Gari likichemsha mara moja, neno la kwanza gereji ni "toa thamosteti, huku ni joto". Thamosteti hufunga njia ya maji mpaka injini ipate joto lake, nyingi zikifungua kwenye nyuzi 80 na kitu, kisha inaruhusu maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inazunguka ikiwa baridi, kompyuta inaona baridi na kuongeza mafuta, na oili inachafuka mapema. Kwenye injini nyingi za Toyota kuna balaa la zaidi: thamosteti ileile ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka kulipoza linachemka zaidi kwenye mlima.

Walio nyanda za juu wana hesabu nyingine. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kwenye urefu huo maji ya kawaida huchemka takriban nyuzi 93. Injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta, unaoyafunga kwa shinikizo, pamoja na kulanti iliyochanganywa kwa kipimo chake. Mfuniko uliolegea mpira ni spea ya bei ndogo sana, na ndio unaosahaulika. Maji ya kisima nayo yana chumvi na madini yanayoganda ndani ya rejeta na kula pampu ya maji. Ukikwama njiani weka maji uliyonayo, ufike. Ila yasibaki humo mwaka mzima. Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama abiria wanalalamika.

Feni iliyofungwa "dairekti" ni ndugu wa thamosteti iliyotolewa. Imeficha sensa mbovu, au fyuzi, au rilei, na siku swichi ya kienyeji itakapoungua hakuna taa itakayokuambia. Dalili za gasketi ya silinda hedi kuanza kwenda ni mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usiokoma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, zima gari uite mtu wa kulivuta. Kilomita 10 za "nitafika tu" zinaweza kupindisha silinda hedi.

Kuhusu CVT nitakuwa mfupi, kwa sababu kosa kubwa ni moja. Gia boksi hii haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza. Ile oili nyekundu ya ATF iliyozoeleka madukani haina sifa hiyo. Ikiwekwa, gari litatembea, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Baada ya muda linaanza kutetemeka likiondoka, kisha injini inapiga kelele bila mwendo kuongezeka. Toyota hutaja CVT Fluid TC au FE, Nissan hutaja NS-2 au NS-3, kutegemea gari. CVT nyingi hazina hata kijiti cha kupimia, kiwango hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu. Kama muuza spea hajui tofauti, heri usubiri basi la kesho likuletee kopo sahihi kutoka mjini.

Haibridi zinaogopwa kuliko zinavyostahili, na zinatunzwa chini ya zinavyostahili. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na ina volti 144. Ya Prius nyingi ni karibu volti 200. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Sasa fikiria gari letu la kijijini. Vioo viko wazi, vumbi linaingia, gunia la mahindi limelala juu ya kiti na kuziba lile tundu. Feni inajaa nyuzi na vumbi, betri inapata joto, na baada ya misimu michache mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Kuweka tundu wazi ni bure. Kusafisha feni na chujio lake ni kazi ya saa chache kwa fundi anayejua. Waya nene za rangi ya machungwa, hata hivyo, si za kujaribia. Umeme wake unaua, na fundi ambaye hajafundishwa haibridi asiziguse hata gari likiwa limezimwa.

Mafuta ya kwenye vidumu na chupa sitayasemea sana. Yakichanganyika na mafuta ya taa, plagi na sensa za ekzosi ndizo hulipa.

Halafu kuna marembo. Kunyanyua gari kwa speza ni jambo ninalolielewa kabisa, maana barabara zetu zina mawe. Ila ukinyanyua sana, ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, mipira yake inachanika, na gari linayumba kwenye kona. Nyanyua kidogo, kisha lipeleke kupimwa alainimenti. Matairi makubwa kuliko ya asili yanafanya spidi inayosomeka iwe ndogo kuliko unayokwenda. Taa kali za kuongeza zikifungwa kwenye kioo cha taa za kawaida zinatawanya mwanga, na anayekuja mbele yako haoni shimo wala mtoto.

Mafundi wetu si wavivu. Wengi wamejifunza kwa kuangalia, na kwa magari yaliyokuwepo walijifunza vizuri. Serikali inapopanga ushuru wa magari kwa umri, inajua ni magari ya aina gani yatakayofika na lini, kwa hiyo vyuo vya VETA vingeweza kuwaandaa mafundi kabla magari hayajafika, hata kwa kozi za wiki mbili za wilayani kuhusu kusoma misimbo na usalama wa haibridi. Waagizaji nao wanaweza kutoa karatasi moja ya Kiswahili inayotaja oili ya gia boksi, kulanti na matairi ya gari wanalouza. Karatasi moja tu.

Kama unakwenda kununua wiki hii, nenda asubuhi gari likiwa baridi, na uende na kifaa na simu. Washa swichi kabla ya kupiga starta. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, kuna aliyeichomoa. Kisha fungua kwenye programu ukurasa wa vipimo vya utayari. Ukikuta vingi vinasomeka havijakamilika, huenda misimbo imefutwa juzi au betri imechomolewa. Mwambie muuzaji, kwa upole, kwamba utarudi baada ya gari kutembea siku tatu.