Mauzo Si Faida: Kodi ya Mkupuo na Mchuuzi wa Gisenyi

Wanafunzi wapenzi, somo la leo lahusu maneno mawili ambayo wengi wenu huyachanganya katika insha: mauzo na faida. Mauzo ni fedha yote iliyoingia mkononi mwa muuzaji. Faida ni ile inayobaki baada ya kulipia bidhaa, usafiri, pango na hasara ya kilichooza. Mwanafunzi akiyachanganya hupoteza alama. Sheria ikiyachanganya, mtu hupoteza mtaji. Nami nasema bila kificho kwamba sheria yetu ya kodi imeyachanganya, na kwamba wanaoumia ni wale wale ambao ilikusudia kuwapunguzia mzigo.

Tuisome kwanza, kwa maana mlalamikaji asiyeijua sheria ni mpiga kelele tu. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022 yamsamehe kodi ya mkupuo mwenye mauzo yasiyofika faranga 2,000,000 kwa mwaka. Kuanzia hapo hadi 4,000,000 hulipwa faranga 60,000. Mauzo yakizidi hapo hadi 7,000,000, hulipwa 120,000; hadi 10,000,000, hulipwa 210,000; hadi 12,000,000, hulipwa 300,000. Mwenye mauzo kati ya milioni 12 na milioni 20 hutozwa asilimia 3 ya mauzo yake yote. Tamko la kodi na malipo hufanywa kufikia tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata.

Waliobuni utaratibu huu walikuwa na nia njema. Mchuuzi hahitaji mhasibu, wala hesabu ndefu, na tamko aweza kulitoa kwa simu ya mkononi. Nakiri hayo yote. Lakini urahisi nao una bei, na yatupasa kuuliza ni nani anayeilipa.

Shikeni kalamu. Mwenye mauzo ya 2,000,000 hulipa 60,000, yaani asilimia 3. Mwenye 4,000,000 hulipa 60,000 hiyo hiyo, yaani asilimia 1.5. Aliye chini ya ngazi hubeba uzito maradufu ya aliye juu yake. Kisha huyo wa juu akiuza faranga moja zaidi, kodi yake yaruka hadi 120,000. Faranga moja imemgharimu faranga 60,000! Hiyo ni ngazi, tena ngazi ambayo kila kidato chake chamwonya mpandaji asipande. Je, tushangae kuona mtu ameacha kuandika mauzo yake mwezi wa Novemba?

Tatizo la pili ni zito zaidi. Tumfikirie mwanamke auzaye nyanya na sambaza karibu na Petite Barrière, mpaka ambao maelfu ya watu huuvuka kila siku kwenda na kutoka Goma. Akiuza kwa faranga 5,750 kwa siku, mauzo yake ya mwaka yakaribia 2,100,000. Tuseme kwamba katika kila faranga 100 abakiza 10. Faida yake ya mwaka mzima ni 210,000. Toa kodi ya 60,000. Zaidi ya robo ya faida imekwenda. Jirani yake ni kinyozi mwenye mauzo yale yale, ila yeye abakiza nusu: faida 1,050,000. Naye alipa 60,000, ambayo kwake haifiki asilimia 6. Sheria yawaita sawa kwa kuwa imetazama mauzo. Lau ingetazama faida, isingethubutu.

Kuna ajabu nyingine. Katika utaratibu wa kawaida, ule wa faida halisi yenye vitabu vya hesabu, faranga 720,000 za kwanza za mapato ya mwaka ya mtu binafsi hazitozwi kodi hata kidogo. Muuza nyanya wetu angekuwa na vitabu kamili, kodi yake ya mapato ingekuwa sifuri. Sheria haimkatazi kuchagua njia hiyo. Umaskini ndio umkatazao, kwa kuwa vitabu vyataka mhasibu, na mhasibu ataka fedha. Basi hiyo 60,000 ni nini, kama si adhabu ya kutojua uhasibu? Dau la mnyonge, walisema wahenga, haliendi joshi.

Nawasikia wanaonijibu: “Faranga 60,000 ni 5,000 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.” Naam, hujaza. Lakini methali hiyo yamsifu anayejaza kibaba chake. Haijasema kwamba tuchote kwanza kwa mwenye kibaba kitupu. Wengine husema kwamba bila mkupuo wachuuzi hawatalipa lolote. Nawauliza: je, hakuna namna nyingine ya kurahisisha? Ipo, tena kwa majirani zetu. Nchini Tanzania, mchuuzi anayetunza kumbukumbu, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7, hutozwa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi milioni 4. Akivuka mpaka kwa shilingi 100, aongezewa shilingi 3. Hakuna genge la kutumbukia, na daftari lake lampa nafuu.

Ninachodai, basi, si kufutwa kwa kodi. Barabara tunazotembea na shule ninamofundisha zatokana nayo, na anayeikwepa kwa makusudi amwibia jirani. Nadai mambo mawili. La kwanza, mkupuo uondolewe, na kodi itozwe juu ya kinachozidi kiwango cha msamaha pekee. La pili, wenye biashara za faida nyembamba, kama vyakula vibichi, wawekewe kiwango chao. Hayo hayataki mhasibu. Yataka kuzidisha na kutoa, hesabu ambazo muuza nyanya huzifanya kichwani tangu alfajiri.

Nanyi, wanafunzi wangu, mna wajibu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza mchuuzi kodi yake ni pambo tu. Kaeni na mama, shangazi au jirani auzaye sokoni. Msaidieni kufungua daftari lenye safu tatu: nilichonunua, nilichouza, kilichobaki. Siku watunga sheria watakapouliza ushahidi uko wapi, uwe katika daftari hilo.

Zoezi: Mfanyabiashara A ana mauzo ya faranga 7,000,000, B ana 7,000,001. Kokotoa kodi ya mkupuo ya kila mmoja, kisha andika aya moja ukitetea au ukipinga tofauti hiyo.