Barazani: Jina la Kubandikwa



Wiki mbili hizi ambazo hukuniona katika ukurasa huu nilikuwa bara, Kitale na Bungoma. Dada yangu ameolewa Kitale yapata miaka ishirini, na jamaa za mumewe walikuwa na harusi Bungoma, wakanitaka niende nikafungishe nikaha. Alhamdulillah, nikaha ilifungwa, pilau ikaliwa, na nimerudi pwani salama. Lakini nimerudi na jambo moja kifuani ambalo nimeona nisilifiche, kwa kuwa linahusu nyumba zetu zote, na kwa kuwa mimi mwenyewe nina hatia ndani yake.

Kitale, kwa asiyeijua, ni mji wa baridi na mahindi, umekaa juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuliozoea joto la Mombasa, usiku wa Kitale hutufunika blanketi mbili. Wakati wa likizo ya Disemba vijana hawana pa kwenda ila sebuleni. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, nikamkuta mpwa wangu na wenzake watano, wote wa rika la miaka kumi na saba au kumi na minane, wamekaa mbele ya televisheni. Wakaniamkia kwa adabu, wakataka kuizima. Nikawaambia, "La, wanangu, endeleeni. Nami nitazame mnachotazama."

Kilichokuwa kikionyeshwa ni The Flash, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2014 na kumalizika mwaka 2023 baada ya misimu tisa. Kijana aitwaye Barry Allen, mtaalamu wa uchunguzi katika idara ya polisi, anapigwa na radi na kupata mbio zisizo za binadamu. Vijana walikuwa wameinunua katika duka la filamu mjini, ikatiwa ndani ya flashi. Mpwa wangu akanichekesha kwa kusema kwamba jina la mchezo na jina la chombo kilichouleta ni moja. Sitakuficha, msomaji: nilikaa kutazama kidogo, nikajikuta nimetazama sehemu mbili nzima.

Katika tamthilia hiyo yumo mkuu wa kituo cha polisi, Kapteni David Singh. Si mhusika mkubwa. Huingia, hutoa amri, hukemea waliochelewa kazini, akatoka. Lakini katika msimu wa kwanza inatajwa kwamba ana mchumba, na mchumba huyo ni mwanamume. Halifanywi tukio kubwa; hutajwa kama mtu anavyotaja kwamba jirani yake ana mke. Hapo ndipo mjadala wa vijana ulipowaka, na nikagundua kwamba ulikuwa ukiendelea tangu kabla ya mimi kufika.

Mmoja alisema, "Mtu huyu mdogo sana. Ukimtoa, hadithi haiharibiki. Kwa nini basi wamemtia?" Mwingine akajibu kwamba hiyo ndiyo hila yenyewe: hutiwa mdogo ili jicho lizoee, kama mtu anavyozoeshwa chumvi kidogo kidogo hata asiijue imezidi. Wa tatu, kijana mpole aliyekaa pembeni karibu na mlango, akasema, "Mimi namjua kwa kazi yake. Ni mkali lakini mwadilifu. Ya nyumbani kwake hatuonyeshwi, na mimi siyatafuti."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, kisa cha Nabii Lut alayhi salaam kimo katika Qur'ani, nasi tunakisoma madrasa tangu tukiwa wadogo. Ikiwa kusoma habari za watu hao si kosa, kutazama kuna kosa gani?"

Swali zuri hujibiwa, halikemewi. Nikamwambia kwamba Qur'ani inaposimulia kisa hukisimulia pamoja na hukumu yake, nasi hatutoki katika kisa cha Lut bila ya kujua tumefundishwa nini. Tamthilia husimulia pasi na hukumu, au kwa hukumu iliyo kinyume na yetu. Kwa hiyo anayetazama hana budi awe ameichukua mizani yake kutoka nyumbani, kwa maana huko aendako hakuna mizani atakayopewa. Hukumu ya sheria yetu katika tendo lenyewe inajulikana, nami siibadilishi wala sina mamlaka ya kuibadilisha. Wakaridhika, au walionyesha adabu ya walioridhika. Nikaenda kulala nikijiona nimefanya kazi ya usheikh.

Baadhi ya wazazi watasema kwamba dawa ni serikali kupiga marufuku. Imekwisha jaribiwa. Mwezi wa Juni mwaka 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ilizuia vipindi sita vya katuni vya watoto kwa sababu ya jambo hili hili. Mwaka 2018 ikaizuia filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na watu wakajaa katika majumba ya sinema ya Nairobi kuliko ambavyo pengine wangejaa kama isingezuiwa. Mwaka 2021 ikazuiwa filamu nyingine, I Am Samuel. Hata nchi za Ghuba, Saudia, Kuwait na Qatar, zilikosa kuionyesha filamu ya mashujaa ya Eternals mwaka huo huo wa 2021 kwa sababu kama hizo. Sisemi serikali isitazame maslahi ya watoto. Nasema kwamba flashi hutiwa mfukoni, na hakuna bodi inayopekua mifuko ya vijana wa Kitale. Kazi hiyo imebaki kwetu, na sisi tunakaa chumba kingine.

Basi siku ya harusi tukapanda matatu asubuhi, tukapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha tukageukia Bungoma. Vijana walikaa viti vya nyuma na mjadala wao. Nilisikia mara mbili tatu jina la kapteni likitajwa na kicheko kikifuata, nikadhani bado wanazungumzia mchezo.

Mchana, nikaha imekwisha, wanaume tumekaa chini ya turubai kwenye masinia ya pilau, vijana wakituhudumia. Yule mpole wa pembeni alikuwa akipita na birika la kunawia mikono. Mmoja wa wenzake akapaza sauti, "Kapteni Singh! Leta maji huku, kapteni!" Wale waliojua wakaangua kicheko. Wasiojua wakaelezwa kwa kunong'onezwa, wakacheka nao.

Nami nikacheka.

Ndugu msomaji, ningependa kukwambia kwamba sikuelewa. Nilielewa. Ulikuwa mzaha wa harusini, tumbo limeshiba, na kicheko kilinitoka kabla sijakipima. Yule kijana alinitazama mimi, si aliyemwita. Akaliweka birika chini taratibu, akafuta mikono kwa kanzu yake, akatoka.

Jioni tulipohesabiana kurudi Kitale hakuwapo. Alikuwa amepanda bodaboda hadi stendi na kurudi peke yake. Usiku, dada yangu akaniletea simu: mama wa kijana, mjane, analia. Mwanawe amejifungia chumbani, hali, na amesema hatarudi madrasa wala hatakanyaga tena msikiti ambao watu wale wamo. "Sheikh," akaniambia, "mwanangu amefanya nini? Niambie wewe, maana wanasema ulikuwapo."

Nilimwita mpwa wangu, nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Kumbe lile neno moja la kumsifu kapteni kwa uadilifu ndilo lililomponza. Tangu usiku ule wakambandika jina. Kisha mmoja wao akachukua picha ya kijana na picha ya yule mwigizaji, akaziunganisha, akaandika chini yake neno, akaituma katika kundi lao la WhatsApp. Kutoka hapo ikaenda makundi mengine, hadi Bungoma ikatutangulia. Neno lenyewe lilikuwa "shoga". Sisi watu wa pwani tunajua kwamba bibi zetu waliitana hivyo kwa mapenzi, mwanamke na mwenziwe, wakibadilishana vibaba vya mchele na siri za nyumba. Leo neno hilo limefanywa jiwe la kurushia watu.

Usiku ule sikulala. Kutoka Kitale hadi Eldoret si mbali. Januari ya mwaka 2023, katika kaunti ya Uasin Gishu ambako Eldoret iko, mwili wa kijana Edwin Chiloba ulipatikana ndani ya sanduku la chuma, umetupwa kando ya barabara. Baadaye mahakama ilimtia hatiani mtu aliyekuwa akiishi naye, ikamhukumu kifungo cha miaka 50. Lakini mimi nakumbuka siku zile za mwanzo, kabla ya yeyote kujua nani kaua na kwa nini. Walikuwapo watu walioandika maneno ya furaha, kwa kuwa tu marehemu alijulikana kuwa ni katika watu hao. Walifurahia nafsi iliyouawa. Na picha inayozunguka katika simu haimwambii anayeipokea kwamba ilianza kama mzaha wa watoto sebuleni. Nani angeipokea, akaiamini, akamngoja kijana yule njiani?

Kesho yake baada ya Maghribi nikawakusanya wote watano. Nikawauliza swali moja, kila mmoja kwa zamu: "Umemwona mwenzako akifanya lolote?" Wote wakasema hapana. "Umesikia kutoka kinywani mwake?" Hapana. "Basi mna nini?" Kimya.

Nikawafungulia Surat al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, ambazo wote walizihifadhi. Ya kwanza inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Ya pili inakataza dhana, kupelelezana na kusengenyana. Kisha nikawapeleka Surat an-Nur, aya ya 4, inayozungumzia wanaowasingizia wanawake wenye heshima wasilete mashahidi wanne: adhabu yao ni mijeledi themanini, na ushahidi wao haupokelewi tena. Wanazuoni wakafundisha kwamba heshima ya mwanamume nayo imehifadhiwa hivyo hivyo. Nikawaambia, "Mlikuwa na hamu ya kujua hukumu ya kapteni wa televisheni, mtu ambaye hayupo duniani. Hukumu ya huyu mwenzenu aliye hai, ambaye mmemtupia neno bila ya shahidi hata mmoja, mmeiuliza? Sheria ile ile mliyoishika ili kumhukumu mtu wa mchezo ndiyo inayowahukumu ninyi." Aliyeunganisha picha alikuwa akilia. Nikamwambia kulia peke yake hakutoshi. Kila alikoituma, atume tena kwa mkono wake kwamba ni uongo alioutunga yeye. Akafanya, mbele yangu, kundi baada ya kundi. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna ajuaye imebaki katika simu ngapi.

Kisha nikainuka nikaenda kwa yule kijana, peke yangu. Mama yake alinifungulia mlango, akatuacha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaniponyoka. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nilicheka. Nakuomba unisamehe." Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sheikh, wale ni watoto wenzangu. Nilikutazama wewe nikidhani utasema neno."

Sina jibu la maneno hayo hadi leo.

Sikumuuliza lililo moyoni mwake, wala hakuniambia. Huenda baadhi yenu mtasema nilipaswa kumuuliza. Mimi nimesoma kwamba kupeleleza kumekatazwa, na sikuona kwamba kilemba changu kinanihalalishia. Lililo baina ya mja na Mola wake, mja akitaka msaada wa kulibeba atakuja mwenyewe kwa mtu anayemwamini. Kazi yetu ni kubaki watu wa kuaminika. Nami siku ile, kwa kicheko kimoja, nilikuwa nimeufunga mlango huo.

Wazazi wenzangu, nayasema haya kwa ufupi. Kaeni na watoto wenu wanapotazama, walau mara moja kwa wiki, na msikilize maswali yao bila ya kupandisha sauti, kwani swali lisilojibiwa sebuleni huenda kujibiwa kwingine. Wafundisheni kwamba kulikataa tendo si ruhusa ya kumvunjia mtu heshima, seuze mtu asiyetenda lolote. Na mkisikia mtoto anaitwa jina ambalo wenzake wanacheka na yeye hacheki, ulizeni jina hilo limetoka wapi, siku hiyo hiyo.

Asubuhi niliyoondoka, mpwa wangu alinisindikiza stendi. Tulipofika tukamkuta yule kijana amesimama karibu na basi, mikono mfukoni kwa baridi. Hakusema mengi. Alimwamkia mpwa wangu kwa kichwa tu, akalichukua begi langu, akalipandisha mwenyewe. Nilimwuliza kama atarudi madrasa likizo ikiisha. Akasema, "Inshallah, tutaona."

Ninamwombea, na ninajiombea. Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujaalia uzima.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.