Fomu Iliyosahauliwa Kabatini



Mwaka 2021 ulipoanza, jirani yangu, ambaye mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi, alinijia baada ya Magharibi akiwa na hati ya mshahara mkononi. Fedha za matumizi zilikuwa zimepungua, na mume hana neno ila “serikali imekata”. Mwenzangu alishuku kwamba ipo nyumba ya pili inayolishwa. Tukaisoma hati ile pamoja na, wallahi, serikali ilikuwa imekata. Nyumba ya pili haikuwapo, au angalau haikuandikwa pale.

Kabla ya hapo, walimu, polisi na watumishi wengine wa serikali hawakuchangia pensheni yao ya uzeeni. Serikali iliahidi, na ahadi ikalipwa kwa kodi za wananchi mwaka baada ya mwaka. Mpango mpya, uliotungiwa sheria mwaka 2012, ulianza kazi tarehe 1 Januari 2021. Mtumishi alikatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia wa tatu. Serikali huongeza asilimia 15. Waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa kwa lazima, waliouvuka wakaachiwa hiari yao.

Kwa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000, makato hayo ni 3,000 kila mwezi. Jikoni tunajua 3,000 ni kitu gani, na ndiyo maana walimu wengi walilalamika. Mimi, pamoja na kuwahurumia, naona mageuzi yalikuwa na haki. Ahadi isiyo na akiba nyuma yake humngojesha mzee. Nani miongoni mwetu hajamwona mstaafu akizunguka na faili lake kwapani, kila ofisi ikimwambia rudi wiki ijayo? Shilingi 6,000 za serikali zikiwekwa kila mwezi kwa jina la mwalimu yule, zina mwenyewe anayejulikana. Ila sharti ziwekwe kwa wakati. Mchango uliobaki kwenye karatasi haumzalii mtu kitu. Ama kuhusu dhamana za serikali na riba yake, hilo ni la masheikh, nami sithubutu kulitolea fatwa.

Lililonifanya nishike kalamu wiki hii ni jingine. Kila mwanachama wa mpango wa pensheni hujaza fomu ya kutaja watakaolipwa akifariki. Katika nyumba zetu nyingi mke hajui hata kama fomu hiyo ipo. Naye hudhani kwamba mume akiondoka, Kadhi atagawa kila kitu kwa faraidh: mke mwenye watoto thumuni yake, mama wa marehemu sudusi yake, watoto kilichobaki. Nyumba na shamba, ndiyo. Lakini sheria ya nchi inayosimamia pensheni haizihesabu fedha za mpango kuwa sehemu ya mali ya marehemu. Wadhamini wa mpango huzilipa kwa kanuni zao, na jambo la mwanzo wanalolitazama ni majina yaliyo katika fomu.

Basi kijana aliyemwandika kaka yake siku alipoajiriwa, akaoa, akazaa, kisha asiirejee karatasi ile, amewaachia mjane na mayatima safari ndefu ya kueleza na kuthibitisha. Mume anayetaka fedha hizo zigawanywe kama faraidh na amwendee mwanachuoni amfafanulie mafungu, kisha aandike majina yote na asilimia ya kila mmoja. Akizaliwa mtoto, ikipita talaka, akifa aliyetajwa, fomu ibadilishwe. Na bibi anayeuliza haya asiambiwe kwamba anamwombea mumewe mauti. Wapo pia walimu wa kike katika magazeti haya, nao wana fomu zao.

Nilimkumbusha jirani yangu mwezi uliopita. Mumewe alikuna kichwa, akafungua kabati. Mwaka ule wa 2021 alimwandika mama yake peke yake, na bibi yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikwisha kufariki. Kujaza fomu mpya kulimchukua asubuhi moja.